Amelipa kwa Mlango

Kwetu Valea Cornului, mtu akinunua farasi kipofu,
akiuza konde kwa bei ya kamba,
akioa kwa hasira,
watu huinamisha kichwa kando, husema:
"Amelipa kwa mlango."

Nami nimeusema.
Nilimsemea ndugu yangu Toader
alipotoa ng'ombe wawili apate kodiani,
tena siku ya ubatizo wa bintiye, mbele ya wakwe.
Walicheka hadi meza ikatikisika.
Yeye aliipangusa kodiani kwa mkono wa shati,
polepole, kana kwamba imetemewa mate.

Mwaka niliostaafu ofisi ya ardhi
mjukuu wangu akaniuliza: mlango wa nani?
Miaka arobaini nimepima mipaka ya watu,
najua mplamu wa nani unadondosha tunda kwa nani,
na mlango huo sikuujua.

Nikaanza kuuliza.
Grigore wa kilabuni akaapa ni mlevi wa zama za mfalme
aliyeng'oa mlango wake akaulaza juu ya kaunta,
mbwa mwitu wakaingia kula kondoo wake saba.
Alisimulia vizuri mno. Kisa kisicho na ufa
hunitia shaka, kama hati isiyo na doa.
Padri akasema ni ule mlango mwembamba wa mbinguni,
kisha akaniomba mchango wa paa.
Bibi Nastasia, mwenye miaka tisini na minne, akanikata kauli:
"Mlango? Sisi tulisema kizingiti."
Akasinzia, uzi ukiwa bado mkononi.

Lisemwalo lipo, naam,
lakini lipo wapi?

Lilikuwa kwa kitukuu cha Onufrie seremala,
chini ya dirisha bovu, likizuia upepo:
daftari lenye harufu ya gundi na panya.
Mwandiko wa mtu aliyezoea patasi kuliko kalamu.

*Februari, siku ya kumi na moja. Mbao: hakuna.
Mlango wa Saveta: mmoja. Nimeukata mara mbili.
Misumari minane. Mtoto wa Ilinca.
Saveta asema deni lake la mahindi limekwisha.*

Basi. Ukurasa unaofuata ni gurudumu la mkokoteni.

Nimeusoma mara ngapi, sijui.
Baridi ya homa ya chawa, theluji hadi madirishani,
njia ya kiwanda cha mbao imezikwa,
na mjane anayedaiwa vibaba viwili vya mahindi
anang'oa bawaba kwa kisu cha jikoni,
anaubeba mgongoni kuteremka kilima,
upepo ukiusukuma kama tanga lisilotakiwa.
Hayo ya mgongoni nimeyatia mimi. Daftari halikusema.
Labda aliuburuta.

Nadhani theluji ilipoyeyuka watu walipita,
wakaona blanketi limening'inia pasipo na mlango,
na mmoja, aliyeshiba, akasema kwa sauti:
vibaba viwili! Amelipa kwa mlango!
Kinywa hicho sikukipata.
Kingeweza kuwa cha babu yangu.

Nyumba ipo bado. Nilipanda nikaiona.
Mlango wa sasa ni wa bati la kijani, haukai sawa,
chini unaacha nafasi ya vidole vitatu.
Nilipiga magoti nikaingiza mkono.
Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje.

Alhamisi, sokoni, Petrache alifika
akiburuta kwa kamba trekta aliyoinunua bila injini.
Nilijua kitakachosemwa kabla hakijasemwa.
Kikasemwa.
Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti langu, zito kama tofali,
na mjukuu alikuwa ananitazama.

Nikacheka nao.
Mazoea hayangoji ruhusa.
Kisha nikanyamaza, mapema kuliko wengine,
na Petrache, akiwa bado ameishika ile kamba,
akanigeukia
kuona kimenipata nini.