Kiti si Nyumba

Mnaponiuliza kipi kibaya zaidi,
kupandwa au kubadilishwa,
mnaniuliza kana kwamba nimesomea.
Mimi nilikuwa mpika chai tu:
chai ya maziwa na chumvi, jiko la kuni,
na nje barafu ya Baikal ikipasuka kama bunduki.

Mama yangu Handa alikuwa kiti.
Ngoma ikikolea alipandwa na babu wa babu yake,
Barnai, mfuga farasi, mlevi wa tumbaku.
Sauti inashuka kisimani, mabega yanatanuka,
ananiita "we kijana", mimi binti yake,
anadai kisu chake
kilichouzwa kabla mama hajazaliwa.
Simu ikilia anaruka.
Nilikuwa na miaka saba na sikulia.
Nilijua mama yumo humo humo, nyuma,
kampisha mgeni sebuleni
akajikalia jikoni, gizani, mikono mapajani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema;
huyu alimwachia mwenyeji midomo mikavu.
Hata hivyo aliondoka. Daima aliondoka.
Mama hupiga miayo, huangalia kopo, huuliza
nani kamaliza sukari.

Mama mdogo Densema hakupandwa na mtu.

Barafu ilikuwa bado changa,
gari likazama, yeye na Zorigto fundi wa treni
wakatolewa kwa kamba moja, shimo moja,
na pumzi zikarudi, alhamdulillahi wangesema wengine,
ila kila pumzi kwenye pua isiyo yake.

Zorigto akaingia kwetu bila hodi,
kilo mia na kumi za Zorigto,
akavuta mtoto wa meza wa tatu, akachukua kitana,
akanisuka kwa vidole vinene kama mihogo
ule msuko unaoanzia sikio la kushoto
ambao hakuna mwingine aujuaye.
"Mama mdogo?"
Akaukaza msuko hadi macho yakanitoka.
Ndiye.

Basi nikafanya nilichozoea. Nikateleka birika, nikangoja.
Chai ikapoa, ikaganda utando.
Hakuna aliyepiga miayo.
Nilichungulia yale macho hadi ndani kabisa:
nyumba ilikuwa na mtu mmoja tu,
na mtu mwenyewe alikuwa hajui taa inawashwa wapi.

Na dukani niliukuta uso wa mama mdogo
ukinunua sigara.
Kwenye kifundo cha mkono, kovu la meno yangu ya utotoni.
Nikasema shikamoo yetu ya kule, kwa mikono miwili.
Kovu likanipita.

Majira ya matope, kile kifua chake kibovu,
kifua ambacho kilikuwa cha Densema tangu shuleni,
kikamuua Zorigto.
Tulimzika na hereni.
Mama mdogo alisimama kaburini na buti namba arobaini na tano,
akitazama uso wake ukifunikwa,
akaninong'oneza: "Skafu wamenifunga vibaya."

Usiku ule mama akapiga ngoma. Tulimtegemea Barnai.
Kiti kikabonyea upande mwingine.
Akanyanyuka mtu mzito ndani ya mama mwembamba,
sakafu sikuisikia kulia lakini ningeapa,
akauendea ule mwili mkubwa uliojibanza ukutani,
akaushika mkono wa kulia, akaugeuza,
akatafuta kidole gumba kisicho na ukucha,
alichokiacha chini ya gurudumu la behewa,
akakinusa.
Grisi haitoki, hata roho itoke.

Nilidhani atadai chake.
Sote tulidhani. Mama mdogo alikwishafumba macho.

"Hizi tisa zilizobaki," akasema, "kata kucha."

Kisha akaondoka.
Mama akapiga miayo, akaangalia kopo.

Na mama mdogo akakaa karibu na taa hadi usiku wa manane
akizikata, kimoja kimoja, pole pole,
kama anayemkata kucha mtoto wa watu.