Fomu ya Pili

Barua imefika Paisley na mvua ya Jumanne,
imelowa pembe moja. Nimeianika juu ya rejeta
pamoja na soksi za babu.
"Mpendwa Bwana Hayupo," inaanza.

Babu yupo. Yuko jikoni, anakunywa uji,
analalamika kwamba sukari ya huku haikolei.
Miaka themanini na minane, meno saba,
Mwadime wa Righa, mtu wa Wundanyi,
ambaye jeshini, tangu mwaka hamsini na tano,
anaitwa Hayupo.

Ilikuwa hivi. Siku ya kuandikishwa
homa ilimlaza chini ya mablanketi matatu.
Karani wa Kizungu akauliza, "Namba kumi na saba?"
Wenzake wakajibu, "Hayupo, afande."
Karani akalamba ncha ya penseli, akaandika:
jina la kwanza, Hayupo. La pili, Afande.

Bi Galbraith wa ofisi ya kumbukumbu,
sauti yake ya mtu anayefuma sweta huku akiongea,
aliniuliza kwenye simu alama za mwilini.
"Faili linasema kovu, nyusi ya kushoto, inchi moja."
Nikageuka, nikaitazama nyusi ya babu.
Mvi tu. Chini yake ngozi nzima kama yai.
"Hana," nikasema.
Nikasikia vitufe vikibonyezwa.
"Basi huenda si yeye."

Miezi mitano tunathibitisha kuwa yeye ni yeye.
Cheti cha ubatizo, mchwa wamekula penye mwaka.
Kiapo mbele ya wakili, pauni arobaini.
Picha ya vijana sita wenye kaptula pana,
kidole cha babu kikitetemeka juu ya kioo: "Huyu."
Nami Wakio natoka zamu ya usiku wodini,
kifuani beji iliyoandikwa Wokio,
naketi kujaza tarehe aliyozaliwa.
"Mwaka wa nzige," anasema.
Fomu inataka siku.

Ndipo nikamuuliza tena juu ya lile kovu.
Akaweka kijiko chini.

"La Kilonzo hilo. Chupa ilimpasukia, stesheni ya Voi.
Siku tatu nilizougua, yeye aliitika mara mbili.
Kilonzo! Hapa, kwa sauti yake.
Hayupo! Hapa, kwa kijisauti chembamba, eti changu,
nisikatwe mshahara.
Gwaride zima lilibana kicheko.
Karani akainua macho amwone huyo Hayupo,
akaona kovu."

Kilonzo alifia msituni,
katika vita ambavyo babu hapendi kuvitaja.
Waliomwokota walitafuta faili lenye kovu.
Salamu za rambirambi zikapelekwa Wundanyi
kwa mama mzazi wa Hayupo. Hakuna mama huyo.
Na Kitui, miaka minne,
mwanamke aliendelea kubakiza muthokoi kwenye chungu.

Sasa barua hii: kosa limetambuliwa,
jina litasahihishwa, kovu litafutwa,
tafadhali tia saini hapa chini.
Babu ameshika kalamu. Hatii.

"Wakilitoa kwangu, litakwenda wapi?"
"Litafutwa tu, babu."
"Kovu halifutwi. Linarudishwa kwa mwenyewe."

Nilipompigia Bi Galbraith nilimweleza vibaya,
nikarudia, nikachanganya nani alikufa na nani aliitika.
Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.
Kisha akaniomba nimtajie herufi moja moja:
K, I, L.

Leo fomu ya pili iko mezani.
Kilonzo Musembi. Nyusi ya kushoto. Inchi moja.
Penye uhusiano wa mwombaji na marehemu
kuna visanduku: mke, mwana, ndugu,
na cha mwisho, mwingine, eleza.

Babu anawaza hadi uji unafanya utando.
Nje basi la kwenda Glasgow linapita, linamwaga maji kwenye ukuta.

"Andika," anasema.
"Aliniitikia."