Mvua ya Saa Tisa

Amalemba mvua haipigi hodi.
Saa tisa inamwagika juu ya mabati
kama gunia la njugu lililopasuka,
na hapo ndipo mimi huwasha maiki.

Siku za jua sisemi. Naandika tu:
kushoto. Nyuma yako. Ngoja.
Kidole hiki chenye kovu la sindano,
kinachoshona sare za shule mchana kutwa,
kinateleza kwenye kioo chenye ufa
na hakikosi.

Wenzangu wanne hawanijui uso.
Mmoja yuko Kapsabet, mmoja Bungoma,
wawili hawasemi waliko.
Kwao mimi ni Shisia, jina la kaka yangu
ambaye hata kuruka ukuta wa mchezoni hajui.
"Shisia ni dume," husema nikiwaokoa,
nami hucheka, maiki ikiwa imezimwa,
kicheko kikabaki chumbani na vitambaa.

Maana niliwahi kuingia kwa jina langu.
Imali. Herufi tano.
Kabla sijaokota bunduki, mmoja aliuliza kama nimeolewa,
mwingine akauliza bei,
wa tatu akasema ugali wangu unaungua.
Nilishinda mechi ile. Hakuna aliyeona.

Basi nikajifunza hesabu za mawingu.
Mvua ikinguruma, sauti ni sauti tu,
haina ndevu wala leso.
"Shisia, huko kwenu kuna posho mill?"
"Ni mvua," hujibu,
na wao husikia amri peke yake.

Jana ilikuwa fainali.
Wawili wetu wamelala chini,
nami napaza sauti: "Bungoma, panda ngazi!
Usifyatue! Ngoja nihesabu..."

na mvua ikakatika.

Ghafla, kama uzi.

Nikasikia jogoo wa jirani,
matone ya mwisho yakidondoka kwenye karai,
kisha nikajisikia: moja, mbili,
sauti yangu, nyembamba, nzima,
ikienda hadi Kapsabet bila mwavuli.

Kimya.
Kidole kilikuwa juu ya alama ya kuzima.

"We ni nani?" Bungoma akauliza.

Ningeweza kukohoa.
Ningeweza kusema dada mtu amechukua simu.
Nikatazama sare mezani,
mikono mingi isiyo na watu ndani.
"Ni yule yule," nikasema. "Tatu. Fyatua."

Akafyatua.

Leo jua ni kali, na maiki iko wazi.
Wanasikia cherehani yangu ikitembea.
Juu ya kioo pameandikwa Imali.
Watatu wamebaki. Mmoja ameondoka bila kuaga,
na sikumfuata.

Bungoma ameuliza, kwa aibu kidogo,
kama najua kushona zipu ya begi.
Nimemtajia bei.