Jaribio la Kisu

Kazi yangu Newala ni kupasua korosho.
Kilo moja kwa kila shehena, kisu, bakuli tano:
safi, yenye madoa, changa, iliyooza, ganda tupu.
Mkulima husimama mbele yangu hapepesi jicho.
Nimezoea kuchukiwa kwa kipimo.

Basi mpwa wangu Likwena aliporudi kutoka Mtwara mjini
na fulana nyeusi yenye maandishi kama mizizi iliyong'olewa,
akanivisha hedifoni, "Mjomba, pima na hii,"
nilikubali. Magunia yalikuwa yamekwisha.
Mvua ilikuwa bado haijaamua.

Nyimbo nane. Watu wa kaskazini kabisa, kwenye theluji,
wanalilia miungu yao iliyokatwa pamoja na misitu
wafalme walipobatizwa, miaka elfu sasa.
Hayo alinieleza yeye. Mimi nilisikia
nyuki ndani ya debe,
mvua ya mawe juu ya bati,
na katikati ya mvua mtu aliyemwagikiwa mafuta ya ganda
akipiga ukelele kwa vina.

Nikasema, rudisha mwanzo.
Korosho haipimwi kwa ganda.

Mara ya pili nikatia kisu.

Wimbo wa kwanza, mbwa mwitu analia.
Wa sita analia tena, pumzi ile ile,
mkwaruzo ule ule mwishoni.
Mbwa mmoja kakodishwa mara mbili. Madoa.

Wa pili una shimo lenye mungu ndani.
Sisi tunalo, hapo ukingoni, Shimo la Mungu,
vijana wanapiga picha wakila karanga.

Wa tatu, panga zinagongana vita nzima
na hakuna hata moja iliyogusa nyama. Ganda tupu.

Wa nne, mashujaa mia wanaitikia.
Ni mtu mmoja, kajirudia, ana kithembe.
Nilimpenda kidogo kwa kithembe kile.

Na enzi hizo wanazozililia, Likwena,
Kilwa ilikuwa inafua sarafu zake yenyewe.
Akacheka. Akaandika kwenye simu.

Wa tano, mwanamke anapuliza filimbi.
Kabla ya sauti ya kwanza anavuta pumzi, na hawakuifuta:
pumzi ya mtu aliyepandisha maji kutoka bondeni
akatua ndoo, hajasalimia bado.
Hiyo niliiweka bakuli la kwanza
nikakaa kimya.

"Lakini mjomba, unadhani wanaamini?"
Majina ya miungu wameyaokota vitabuni,
hakuna bibi aliyewanong'oneza kitu.

Nikakumbuka Mnyambe. Nina miaka saba.
Lipiko likatokea, uso wa mti,
nywele za binadamu zimegandishwa kwa nta,
nami nikaitambua miguu: kidole gumba cha kushoto
kilichowahi kukatwa na jembe,
baba mdogo Nantanga, aliyenimegea muhogo asubuhi ile.
Nilijua.
Nilikimbia hadi kwenye mashamba ya watu,
nikalala chini kifudifudi, nikimjua.

Kwa hiyo sipimi kama mbwa ni wa kweli.
Napima kama miguu yangu ilisogea.

Wimbo wa saba, dakika ya nne, magitaa yote yanaacha ghafla.
Inabaki ngoma moja, polepole, mtu anatembea darini.
Nilivua hedifoni, nikatazama mlango wa ghala.
Likwena aliniona. Sikukanusha.

Wa nane ni mrefu na unajipenda.

Nikaandika nyuma ya fomu ya ushirika:
unyevu umezidi, daraja la pili,
ratili arobaini na tatu.
"Tu?" alisema, kwa sauti ile ile ya wakulima.
"Pasua tena."
Kesho, nikamwambia. Vidole vinawasha.

Nilipofika nyumbani giza lilikuwa limeshika,
na kabla sijapiga hodi nilijisikia navuta pumzi.
Ndani, Somoe akaacha kusonga ugali.
"Nani huyo?"