L ya Pili

Barua ya halmashauri imefika pamoja na gazeti lililolowa:
kibao cha mlango wa mji kipakwe upya,
na safari hii jina liandikwe kwa L moja. Skjelvik.
Miaka arobaini na miwili nimeliandika kwa mbili.

*Vik* ni ghuba, hilo halina ubishi.
Ubishi uko mwanzoni.

L mbili ni kome.
Ndivyo alivyotufundisha Bi Gunnvor,
akatushusha ufukweni maji yalipotoka
tukaokota maganda, nje meusi,
ndani buluu ya maziwa yaliyoenguliwa mtindi.
Fumbeni, akasema. Mji wenu ndio huo, umo kiganjani.

L moja ni mpaka.
Msomi kutoka Bergen kasoma ngozi ya ndama ya kale,
kawakuta watu wawili wakigombea nyangumi mfu,
kichwa kimelala kwa huyu, mkia kwa yule,
na mwamuzi kachomeka nguzo katikati ya mzoga:
hapa ndipo *skjel*. Hapa ndipo mwisho wako.
Nyangumi akaoza. Nguzo ikaoza.
Jina likakataa.

Basi mji umegawanyika, yaani umelitii jina lake.
Oddlaug wa duka la samaki ana kome wa shaba mlangoni,
hataki kusikia habari za mzoga.
Sigbjørn anasema mpaka una heshima zaidi,
lakini Sigbjørn hajapata kumwazima jirani hata ngazi.

Mimi ni mpaka rangi, sina mpaka mwingine.
Nimepanda na kopo langu, upepo wa kaskazini
unanitoa machozi yasiyo na msiba.

Mama alizaliwa ng'ambo ya kijito, Baba upande huu.
Siku ya harusi babu zangu wawili walikaa
kila mmoja akiitazama sahani yake,
mpaka Mama, na shela lake kichwani,
akaleta sufuria ya kome inayofuka mvuke,
akaitua katikati, bila upawa.
Ikabidi mikono ikutane humo.
Hilo halimo katika ngozi ya ndama.

Nimeifuta ile ya pili kama nilivyoagizwa.
Imebaki nafasi: *Skjel*, kisha pumzi, kisha *vik*,
kama mzee anayelitamka huku akipanda ngazi.
Mchana huoni kitu. Lakini usiku
taa za gari zikikimulika kibao kutoka chini ya kilima
herufi inajitokeza ndani ya weupe,
nyembamba, wima,
ya kome, imesimama kama nguzo.

Halmashauri wamepiga simu.
Nimewaambia nitapaka mkono wa pili kukikauka.
Huku mvua haijakatika tangu Agosti.