Talaka ya Maji

Punta Arenas, Agosti. Upepo umeng'oa bango la duka la mikate
ukalitupa baharini; hakuna aliyelifuata.
Ndani ya karakana iliyokuwa ghala la sufu
Eduvina Mancilla anavunja ndoa ya maji.

Si kazi ndogo. Kila chembe ni nyumba ya mitala:
oksijeni, mume mwenye wivu, na wake zake wawili,
huyu kambana kulia, huyu kushoto.
Umeme ukibisha hodi peke yake, hafungui
mpaka ahongwe volti za kupotea bure.
Ndipo huitwa kichocheo, mtu wa kati,
anong'one mlangoni, kisha aondoke
hajala, hajanywa, hajapungua.

Iridiamu hunong'ona vizuri. Lakini ada yake!
Gramu chache tu, mshahara wa mwezi umekwisha.
Eduvina akashika nikeli, wavu kama chujio la chai,
akauzamisha ndani ya potashi kali.
Miezi saba.
Nikeli ikanong'ona kama mwenye mafua.

Jumanne moja mstari kwenye kioo ukashuka wenyewe.
Mapovu yakafura kama wali uliosahauliwa jikoni,
na wake wenza wakatoka wameshikana mikono,
hata nyuma hawakutazama.

Hakushangilia. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.
Akamimina potashi yote kwenye ndoo,
na chini ya chombo, imelala,
parafujo. Ya chuma. Ina kutu.

"Ya nani hii?"
Baldomero Vukasović, fundi, akakuna sikio.
Ijumaa, akikaza mfuniko, moja ilimponyoka.
Alidhani imeangukia sakafuni.

Potashi mpya, iliyochujwa mpaka ikatakata, na nikeli mpya:
mstari ukapanda, ukarudi kulekule.
Akatumbukiza parafujo, akasubiri.
Ukashuka.

Eduvina akaketi juu ya kreti.
Miezi saba nafukuza uchafu,
nachuja, nasuuza, nagombeza watu kwa viatu vyao,
kumbe niliyemhitaji
ndiye niliyekuwa namfagia.

"Parafujo ni peso thelathini," alisema Baldomero.
"Utanikata?"

Hakumjibu. Alifungua daftari, akaandika tarehe,
kisha: *Chuma, kidogo mno. Chanzo:*
Kalamu ikasimama. Bati la paa likagonga, likagonga.
Akaandika: *Ijumaa.*