Nusu Dola ya 1796

Wendell Stauffer anaishika ukingoni
kwa kidole gumba na cha shahada.
Nje, theluji ya Lancaster. Taa iko kushoto.
Anahesabu nyota: kumi na tano, zimetimia.

Mikwaruzo hii shavuni mwa Bibi Uhuru
si kovu, anasema. Ni tupa ya kiwandani:
fedha ilizidi uzito, wakaipunguza
kabla ya kuipiga chapa.
Imezaliwa nayo.

Lakini upande wa pili, mbawani mwa tai,
mng'aro mtupu,
mng'aro wa sufuria.

Weusi wa miaka mia mbili
Verna aliusugua asubuhi moja
kwa magadi na kitambaa cha flana,
akaiweka mezani kando ya keki
siku mumewe alipotimiza sitini.
Wendell aliitazama. Akaomba kisu,
akakata keki, akala vipande viwili.

Mnunuzi wa Philadelphia anashusha lenzi.
"Imesuguliwa hii. Siwezi kuipa daraja."
"Najua." Anairudisha mfuko wa shati.
"Haiuzwi. Nilitaka tu uione.
Zenye weusi wake zimo kasha lile.
Haya, tupatane bei."